Nenda Dukani na Sarafu Mfukoni

Wanangu wa Goma, swali lenu linanifikia kwa midomo mingi. Mmoja amerithi kopo la sarafu kutoka kwa babu yake. Mwingine anafundisha historia huko Himbi na anataka wanafunzi wake waone vitu vidogo ambavyo haviwezi kupitishwa mkono kwa mkono darasani. Wa tatu anataka kuuza, na mnunuzi wa mbali amemwambia kwamba picha zake hazionyeshi kitu. Wote wananiuliza: mzee, ninunue kamera gani? Nawajibu pamoja, kwa kuwa jibu ni moja. Anzeni na sarafu. Muitazame mpaka mjue ni alama gani juu yake lazima ionekane, kwa ukaribu gani na kwa mwanga wa upande gani. Mkishajua hayo, uchaguzi wa kamera unakuwa mwepesi, na mara nyingi bei inashuka.

Chukueni sarafu ya heller 20 ya Tabora. Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na Wajerumani wa Afrika Mashariki hawakupata tena sarafu kutoka kwao. Wakazipiga wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora, nyingine kwa shaba nyekundu, nyingine kwa shaba ya manjano, wakaziwekea herufi T. Septemba ya mwaka huohuo askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, baadhi yao wakiwa wametokea upande wetu huu wa Kivu, waliingia Tabora. Gisenyi, hapo ng'ambo ya mpaka, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani mpaka vita vile. Kwa hiyo msishangae heller ikitokea ndani ya kisanduku cha bibi katika nyumba ya Goma.

Sarafu hizo hazifanani zote. Zipo zenye taji kubwa na zipo zenye taji dogo. Ukigeuza upande wa pili, utakuta katika neno HELLER herufi L ambazo ncha zake zimepinda, na kwa sarafu nyingine ncha hizo zimechongoka. Wakusanyaji hutenganisha aina kwa vitu vidogo kama hivyo, na aina moja huwa adimu kuliko nyingine. Sasa mtu anaiweka juu ya meza, anainamia na simu, anawasha flashi. Anachopata ni duara la rangi ya kahawia lenye doa jeupe katikati. Ncha ya L haionekani. Mnunuzi hawezi kujua ni aina gani, mwalimu hawezi kueleza kitu, na aliyerithi hajui alichonacho. Kamera unayoitafuta ni ile itakayokuonyesha ncha ya L. Mambo mengine yote ambayo muuzaji atakuambia, zikiwemo megapikseli, video na jina lililoandikwa mbele, yaje baada ya hapo.

Nawaomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, maana ndiyo itakayowaokolea fedha. Ndani ya kila kamera ya kidijitali kuna kihisi, yaani kibamba kinachopokea mwanga. Katika kamera ambazo wauzaji wetu huziita plein format, kihisi kina milimita 36 kwa 24. Katika kamera za APS-C, ambazo ndizo nyingi kwenye soko la vitu vilivyotumika, kina takriban milimita 23 kwa 15. Lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ikiandikwa 1:1, maana yake ni kwamba kitu cha milimita 20 kinachorwa juu ya kihisi kwa milimita 20 zilezile. Ikiandikwa 1:2, kinachorwa kwa nusu, yaani milimita 10.

Sarafu nyingi mlizo nazo zina kipenyo cha milimita 20 hadi 30 hivi. Ukifunga lenzi ya 1:2 kwenye kamera ya APS-C, eneo unaloliona ni kama milimita 46 kwa 30. Sarafu ya milimita 26 inalijaza vizuri na kubakiza nafasi kidogo pembeni. Huhitaji kukaribia zaidi, isipokuwa unapotaka picha ya herufi moja peke yake. Ukitumia plein format, ili sarafu hiyohiyo ijaze picha lazima ukaribie 1:1, na lenzi ya kufika hapo ni ghali zaidi. Kwa kazi ya harusi au ya habari, kihisi kikubwa kina faida zake. Kwa kazi yetu hii, kamera ndogo na ya zamani inatosha, nami nasema hivyo bila kusitasita. Mwili wa APS-C wa miaka kumi iliyopita, wenye megapikseli 12 au 16 au 24, utakuonyesha kila mkwaruzo wa sarafu ikiwa lenzi ni nzuri na mkono hautikisiki.

Fedha basi ziende kwenye lenzi. Ikiwa mfuko unaruhusu, tafuteni makro ya milimita 90 au 100 inayofika 1:1, kama zile za Tamron na Canon ambazo zimetengenezwa kwa miaka mingi na hupatikana zikiwa zimetumika. Uzuri wa urefu huo ni nafasi: kati ya lenzi na sarafu kinabaki kiasi cha kutosha kupitisha mwanga. Lenzi fupi inakulazimisha kuisogelea sarafu mpaka kivuli cha lenzi yenyewe kinaifunika. Mfuko ukiwa mdogo, ulizieni Micro-Nikkor ya zamani ya milimita 55, ile ya kuzungusha kwa mkono. Peke yake inafika 1:2, na chuma chake kinavumilia miaka. Juu ya miili midogo ya Nikon haitapima mwanga, kwa hiyo utaweka kila kitu kwa mkono na kuangalia matokeo kwenye kioo. Hilo lisiwatishe. Sarafu haikimbii, una muda wote wa kujaribu tena. Canon nao walikuwa na makro ya milimita 50 yenye 1:2, nayo inafaa.

Kuna wenye kamera tayari, ile inayouzwa pamoja na lenzi ya 18-55. Msikimbilie kuiuza. Lenzi hizo nyingi hufika robo au theluthi ya ukubwa halisi, na ukiongeza pete za kurefusha kati ya lenzi na mwili, zitakaribia zaidi. Pete hizo hazina kioo ndani, ni uwazi mtupu, ndiyo maana ni rahisi. Angalizo moja tu: kwa lenzi za kisasa nunueni pete zenye viunganishi vya umeme. Zile zisizo navyo zinaiacha lenzi bila mawasiliano na kamera, mara nyingi tundu lake linabaki wazi kabisa, na utapata sarafu ambayo katikati ni kali na ukingoni ni ukungu.

Kwa mtu anayezunguka, anayepiga vitu vidogo shambani, kando ya ziwa au nyumbani kwa watu, ushauri wangu unabadilika. Mnalijua vumbi la mji wetu, lile jeusi la mawe ya volkeno linaloingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Kila ukibadilisha lenzi nje, unalikaribisha kwenye kihisi. Kwa kazi hiyo naipenda kamera ndogo iliyozibwa, hasa mfululizo wa Olympus Tough: TG-5 ya 2017, TG-6 ya 2019, na TG-7 ya 2023 inayouzwa kwa jina la OM System. Inafokasi hadi sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, haiogopi maji wala vumbi, na inaweza kuunganisha picha kadhaa za fokasi tofauti kuwa moja iliyo kali mbele na nyuma. TG-6 na TG-7 unazichaji kwa waya wa USB, kwa hiyo umeme ukikatika unatumia betri ya akiba uliyoijaza kwa jua. Kihisi chake ni kidogo na rangi zake hazifikii lenzi ya makro ya kweli, lakini ukiwa safarini itakuletea picha ambayo kamera kubwa iliyoachwa nyumbani haiwezi kukuletea.

Na simu? Itumieni kwa akili. Simu nyingi za bei ya chini zina jicho la ziada lililoandikwa makro lenye megapikseli 2. Hilo liacheni, picha yake ni duni. Tumieni jicho kuu. Rudini nyuma mpaka lifokasi vizuri, kisha kateni pembeni za picha baadaye. Mkilazimisha simu isogee karibu mno, itapoteza ukali na kutupa kivuli chake juu ya sarafu. Simu iliyolazwa juu ya vitabu viwili vya unene mmoja, huku jicho lake likichungulia katikati na mwanga wa dirisha ukitoka upande mmoja, hupiga picha ya sarafu ambayo haina aibu. Mwenye simu tu leo aanze leo.

Kamera yoyote mtakayochukua, itahitaji kusimama. Kwa ukaribu huu pumzi yako inatosha kuharibu picha. Studio za zamani za foto zilikuwa na mashine za kukuzia picha kutoka kwenye filamu, agrandisseur, zenye ubao chini na nguzo ya chuma inayopandisha na kushusha kichwa. Ukikuta moja imetupwa nyuma ya duka, ichukue. Ondoa kichwa, funga kamera mahali pake, na umepata stendi bora kuliko nyingi zinazouzwa mpya. Usipoipata, mafundi wetu wanaochonga chukudu, zile skuta za mbao, hawatashindwa kukutengenezea ubao mzito wenye nguzo iliyonyooka.

Kisha hakikisha lenzi inatazama sarafu moja kwa moja, bila kuinama hata kidogo. Kuna njia rahisi ambayo nataka kila mmoja wenu aijue. Weka kioo kidogo cha kujitazamia pale sarafu itakapokaa. Chungulia ndani ya kamera na ufokasi kwenye taswira ya lenzi yenyewe iliyomo kwenye kioo. Sogeza kamera taratibu mpaka jicho la lenzi likae katikati kabisa ya picha. Likikaa hapo, kamera na meza viko sambamba. Ondoa kioo, weka sarafu, usiguse tena nguzo. ISO iwe 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, na kipima muda cha sekunde 2 kifyatue badala ya kidole chako. Msifunge tundu mpaka f/22 mkidhani mtapata ukali zaidi. Kwa ukaribu wa 1:1, f/8 tayari inafanya kazi kama f/16, na ukiendelea kubana, mwanga wenyewe unaanza kutawanyika na picha inalegea.

Sasa mwanga, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo picha nyingi zinapokufa. Chukueni faranga 2 ya mwaka 1943 ya Kongo ya Wabelgiji, ile ya pembe sita yenye tembo. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, kwa hiyo sarafu hiyo ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa shaba ya manjano. Iweke chini ya kamera, zima flashi, washa taa moja ndogo ya LED na uishike juu kushoto, mahali ambapo mshale wa saa ungeonyesha saa nne. Ishushe taratibu. Taa ikiwa juu sana, tembo ni bapa kama mchoro wa karatasi. Ikishuka, sikio linajitenga na shingo, pembe inapata ukingo, mikunjo ya ngozi inaonekana. Ukiishusha kupita kiasi, mikwaruzo yote inaruka juu na tembo anapotea ndani yake. Kati ya hapo na hapo ndipo pako. Halafu hamishia taa upande wa chini wa sarafu uone: tembo anageuka shimo, anaonekana amechimbwa ndani ya chuma. Macho yetu yamezoea mwanga utokao juu, ndiyo sababu wapiga picha wa makumbusho huweka taa juu kushoto.

Taa ya pili upande wa kulia, iliyo dhaifu zaidi, italainisha kivuli. Mbele ya taa wekeni karatasi ya kufuatishia michoro ili nukta kali za LED zisijichore juu ya chuma. Sarafu nyepesi za alumini za 1967, kama sengi 10 yenye chui, zinapenda mwanga laini zaidi. Zile za shaba zenye tundu katikati na nyota, za Dola Huru ya Kongo kuanzia 1887, mara nyingi zimelika, na hizo zinataka mwanga wa chini ili maandishi yaliyosalia yatoke. Hifadhini faili ghafi pamoja na JPEG, na mpige picha moja yenye karatasi ya kijivu ili rangi ya shaba irudi kuwa rangi ya shaba. Na kwa kuwa najua mikono ya vijana: msisugue sarafu kwa limau, majivu wala mchanga ili ing'ae kwenye picha. Utando ule wa kijani au kahawia ni umri wake. Ukishautoa haurudi, na aliyekuwa tayari kulipa ataondoka.

Vitu vya kale vilivyookotwa vina haki zaidi ya sarafu. Mkoa wetu ndio uliotoa mfupa wa Ishango. Jean de Heinzelin, Mbelgiji, aliupata mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard: mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha kwarzi kwenye ncha na safu tatu za alama zilizokatwa. Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi, na leo umehifadhiwa Brussels. Wataalamu wanabishana hadi sasa kama ni hesabu, kalenda au kitu kingine, na ubishi wao wote unategemea kuona alama moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mwanga wa kulala kutoka pembeni ndio unaoonyesha hilo. Thamani ya mfupa ule imetokana pia na kuandikwa ulitoka tabaka gani la udongo.

Kwa hiyo ukikuta kitu, picha ya kwanza ipigwe kikiwa palepale, kabla ya mkono kukigusa, pamoja na rula yenye sentimita na kitu cha kuonyesha kaskazini. Picha za karibu ndizo zifuate. Nchi yetu ina ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inayolinda mali za utamaduni. Msichimbe kwa kujiamulia, na ndani ya Hifadhi ya Virunga msiokote hata jiwe. Kamera yenu iwe ya kushuhudia na kutoa taarifa. Ikitumika kumtafutia mnunuzi kitu kilichong'olewa ardhini, mmeshiriki katika kukipoteza.

Siku ya kununua, iwe Birere, iwe ng'ambo ya mpaka wa Petite Barrière au Kigali, nenda na sarafu mfukoni, kadi yako ya kumbukumbu na tochi ndogo. Usiridhike na picha ya muuzaji akitabasamu. Weka sarafu mezani, sogea mpaka kamera ikatae kufokasi, rudi kidogo, piga, kuza picha kwenye kioo na utafute herufi ndogo kuliko zote. Kama ni faranga ya miaka ya 1920, soma kama imeandikwa CONGO BELGE au BELGISCH CONGO, kwa kuwa zilitolewa kwa lugha zote mbili. Mulika tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache hata kama bei ni tamu. Ulizia betri za kamera hiyo zinapatikana wapi, maana mwili wenye betri isiyopatikana ni mzigo. Muuzaji akikukataza kujaribu, mshukuru na uende zako.

Mkianza kupiga, kila sarafu ipate picha ya mbele, ya nyuma na ya ukingo, kwa namba moja, na kando yake muandike uzito, kipenyo, na nani aliyekuwa nayo. Nakala ya kwanza ikae nyumbani, ya pili ikae mji mwingine kwa ndugu au kwenye hifadhi ya intaneti. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu, na 22 Mei 2021 ikashuka tena mpaka karibu na uwanja wa ndege. Watu walikimbia na watoto na godoro. Hakuna aliyepaswa kurudi nyuma kwa ajili ya kopo la sarafu, na albamu nyingi za familia zimelala chini ya lile jiwe jeusi tunalojengea nyumba mpya.

Nawaombeni, msisubiri kamera nzuri zaidi ndipo muanze. Kila mmoja wenu ana mzee nyumbani au mtaani aliyehifadhi kitu kidogo cha zamani. Mwendeeni wiki hii, mumwombe ruhusa, mpige picha pande zote kwa kifaa mlicho nacho, na muandike kwa maneno yake mwenyewe alikipata wapi.